Sekunde Arobaini za Fundi Lifti

"Nakuacha."

Msusi alilitamka neno hilo akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mkoba begani, uso ameukunja kama mtu aliyeamua tangu asubuhi. Mumewe alikuwa ameinamia jiko akikoroga maharage. Hakugeuka.

"Umesema?"

"Nakuacha. Nimechoka. Nimepata mtu mwingine, na naondoka leo hii."

Mwiko ukasimama.

Juu ya kabati, nyuma ya kopo la sukari, simu ilikuwa inarekodi. Mchezo huo ulikuwa umeshika mtandao wiki nzima. Unamwambia mwenzio unamwacha, unarekodi anavyoruka, halafu unacheka, mnacheka wote, na dunia inacheka nanyi. Mwanamume mmoja alipiga magoti. Mwingine alivunja kiti. Wa tatu alidai arudishiwe viatu alivyomnunulia mkewe, tena palepale. Msusi alikuwa ametazama video kama sitini hivi, na alijua wake atafanya nini: atapiga kelele, kisha ataangua kicheko, maana alikuwa mtu wa utani.

Fundi Lifti hakupiga kelele. Alizima jiko. Akanawa mikono kwenye sinki, kidole kimoja kimoja, kama alivyofanya kila siku kutoa grisi, ingawa siku hiyo mikono haikuwa na grisi. Akachukua sahani.

"Basi sawa," akasema. "Lakini kula kwanza. Usitoke na njaa."

Akapakua.

Msusi akashindwa kujizuia.

"Jamani, ni utani! Kamera ile pale, nyuma ya sukari! Hebu ona sura yako!"

Mumewe alilitazama kopo, kisha akamtazama mkewe. Mdomo ulitabasamu. Macho yalichelewa kidogo.

"Umenipata," akasema.

"Niirushe?"

"Si wewe mwenye simu?"

Kwa mtu mwenye haraka, jibu lolote ni ndiyo. Msusi aliirusha kabla maharage hayajapoa. Sekunde arobaini kamili.

Walikuwa na miaka minne ya ndoa. Walikutana lifti ilipokwama na Msusi ndani yake, naye fundi akakaa upande wa pili wa mlango akimpigia hadithi mpaka alipomtoa. Msusi alikuwa na saluni ya viti vitatu na ukurasa wa mtandaoni aliouita Vidole vya Dhahabu. Mwanzo aliweka mitindo ya nywele tu. Kisha ikawa nywele na mumewe. Kisha ikawa mumewe zaidi kuliko nywele, kwa sababu nywele zilitazamwa na watu mia mbili, na mume akilala mdomo wazi alitazamwa na elfu tano.

Kulipokucha, video ya jikoni ilikuwa imetazamwa na watu laki tisa.

Wa kwanza kumpigia alikuwa Meneja. Huyu hakuwa meneja wa chochote. Alikuwa shoga yake wa tangu shule, muuza vipodozi wa mlango wa pili, aliyejipa cheo hicho siku alipoanza kumsaidia kuendesha ukurasa.

"Shoga, umelala? Amka! Mumeo amekuwa wimbo!"

Hakutia chumvi. Watu walikuwa wameichukua ile sauti, "Basi sawa, lakini kula kwanza," wakaibandika kila mahali: kwa paka anayetoroka nyumbani, kwa mfanyakazi anayefukuzwa, kwa timu iliyofungwa mabao sita. Hakuna aliyemwita kwa kazi yake tena. Alikuwa Kula Kwanza.

Msusi alisoma maoni akiwa bado kitandani.

"Huyu si mume, ni mama mkwe."

"Mwanamume gani haulizi hata jina la mwizi wake?"

"Dada, shibe imekulevya. Wenzio tunatafuta wa kutumiminia hata chai."

Alimsomea mumewe yale mazuri. Mumewe alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Umekuwa maarufu, mpenzi."

"Naona," akasema, akaenda kazini.

Siku ya tatu, Msusi akiwa saluni anamkausha mteja nywele, simu ilimletea video ambayo hakuirusha yeye. Jengo la maofisi, lifti imekwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita. Mlango unafunguliwa kwa juu, na pale juu anaonekana mumewe amelala kifudifudi sakafuni, ameshusha mkono kumvuta mtu wa kwanza. Hakuna anayeupokea. Kila aliyemo ndani ameinua simu.

"Ni yeye! Kula Kwanza! Kaka, sema tusikie!"

"Nipeni mkono," anasema fundi.

"Tumekula tayari, kaka!"

Kicheko. Mkono ukabaki unaning'inia. Msusi alihesabu: sekunde tisa. Aliitazama tena, akahesabu tena, mpaka mteja akalalamika kwamba sikio linaungua.

Mumewe alirudi mapema. Alikaa mezani bila kuvua koti la kazi.

"Naomba uitoe ile video."

"Nimeiona ya leo. Pole. Watu hawana adabu."

"Sisemi ya leo. Nasema ya kwako."

"Mpenzi, imefika milioni mbili. Kuna kampuni ya mafuta ya nywele imeniandikia. Nipe siku mbili tu, upepo upite."

"Naomba."

"Siku mbili! Kwani umefanya nini cha aibu? Watu wanakupenda!"

Fundi Lifti alimtazama kama anavyotazama mtambo unaotoa mlio asioujua. Aliingia chumbani, akatoka na begi dogo na kisanduku cha zana.

"Nitakuwa kwa dada."

"Sasa ndiyo nini? Unaniacha?"

Aliposema neno hilo alilisikia mwenyewe. Mumewe alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Usiku ule na kesho yake Msusi aliandika ujumbe mwingi.

"Umefika?"

"Basi jibu hata kwa kifupi."

"Video nitaitoa Jumatatu."

"Umekasirika kweli au unanitania?"

Jibu lilikuja moja: "Niko salama. Niache kidogo."

Aliyepiga simu alikuwa wifi yake. Msusi alizoea kuwatania wateja kwamba anao wifi wawili, mmoja wa mtandao ukutani na mmoja wa mume. Yule wa ukutani hukatika mvua ikinyesha, huyu wa mume hakatiki hata umeme ukizimwa. Wifi huyo alikuwa mkunga, mtu mzima, mwenye sauti ya kuamuru watu wasukume.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Umekaa?"

"Nimekaa."

"Unajua kwa nini mdogo wangu alikwambia ule kwanza?"

"Kwa sababu ni mpole."

"Upole gani! Sikiliza. Yeye alikuwa na miaka sita. Baba alimfukuza mama mchana, chakula kiko motoni. Mama akaomba ale ndipo aondoke, baba akaketi na sufuria miguuni. Mama akatoka na sanduku lake, hajatia hata maji mdomoni. Hatukumwona tena. Tulikuja kusikia amefariki, ugenini, miaka minane baadaye. Mdogo wangu hajawahi kulilia kule kuondoka. Analilia ile sufuria."

Msusi alikosa pa kuyaweka macho. Simu ilikuwa ya moto sikioni.

"Hakuwahi kuniambia, wifi."

"Uliwahi kumuuliza? Nasema kumuuliza, bila kummulika."

Video aliifuta jioni ile ile. Haikusaidia kitu. Mtama alikuwa ameumwaga penye kuku wengi, na kila kuku alishaondoka na punje yake. Nakala zilizagaa kwa maelfu, nyingine zimetiwa ngoma, nyingine zimetafsiriwa.

Jumapili mchana aliamua kwenda kuomba msamaha. Meneja akang'ang'ania kumsindikiza.

"Huwezi kwenda peke yako, shoga. Utalia barabarani ugongwe. Mimi nitakaa nje, hata hodi sitapiga."

Wifi aliwafungulia, akamwacha Meneja barazani kati ya vyungu vya maua, akamwingiza Msusi sebuleni na kuondoka. Fundi Lifti alikuwa amekaa kwenye kochi karibu na dirisha. Alikuwa amekonda kidogo, au pengine ni shati la kuazima.

"Sikujua habari za mama," alisema Msusi. "Na hata nisingeambiwa, uliniomba uso kwa uso nikakujibu kwa idadi ya watu. Nimekosa. Sina kingine."

"Umeitoa?"

"Nimeitoa. Najua haijatoka."

Mumewe alicheka kidogo kwa pua. Akasogea, nafasi ya mtu mmoja ikapatikana kwenye kochi. Msusi alikaa. Mumewe akaweka mkono juu ya wake, na kwa mara ya kwanza tangu mumewe aondoke Msusi alivuta pumzi ikafika chini.

Simu ya fundi ikatetemeka. Aliitazama. Akauondoa mkono.

"Mwenzangu wa kazini," akasema. Akasoma kwa sauti tulivu: "Kaka, mbona mko laivu?"

Wote wawili waligeukia dirishani. Katikati ya majani ya chungu kikubwa kulikuwa na simu, na nyuma ya simu kulikuwa na Meneja.

"Sikujua," alisema Msusi. "Naapa sikujua. Niangalie."

Mumewe alimwangalia. Kisha akainuka, akafunga pazia bila haraka, akamwita dada yake.

"Dada, wasindikize wageni."

Njiani Msusi hakulia kama alivyotabiriwa. Alizungumza polepole.

"Ulisema unanisindikiza."

"Si nimekusindikiza? Mimi na watu elfu kumi na moja. Shoga, mlipokaa kwenye kochi watu walitokwa machozi!"

"Nilikuwa naomba msamaha."

"Na walitaka kuuona! Huwezi kuwaanzishia watu hadithi ukawaacha njiani."

"Siyo hadithi. Ni mume wangu."

"Kwa sasa ni vyote viwili," alisema Meneja, na hakuwa anatania. Aliamini. Jambo hilo ndilo lililomtisha Msusi kuliko pazia lile, kwa sababu wiki moja nyuma maneno hayo angeyasema yeye.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akaizima simu mbele yake na kumkabidhi. Mama aliipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mgonjwa.

"Imekufa?"

"Hapana, mama. Inapumzika."

"Na wewe?"

"Na mimi nijaribu."

Mama akaifungia kabatini, katikati ya mashuka. Msusi hakuandika tangazo la kuaga wala hakusema atarudi lini. Ukurasa ulikaa hivyo hivyo, kama duka ambalo mwenyewe amekwenda msibani.

Siku ya kwanza alipapasa mfuko wa aproni mpaka mteja akamuuliza kama ana upele. Siku ya pili alijikuta amesimama mbele ya rasta alizomaliza kusuka, safi kabisa, ameinua mkono mtupu kuzipiga picha. Usiku wa siku hiyo hakujua la kufanya na macho yake. Alifua vitambaa vya saluni ambavyo vilikuwa safi. Wiki ya kwanza haikuwa na utulivu wowote unaosimuliwa na watu. Ilikuwa kama kuacha sigara, na hasira zake alizimalizia kwenye mabomba na milango.

Wiki ya pili alianza kusikia. Wateja walikuwa wanaongea, kumbe siku zote walikuwa wanaongea. Mmoja alikuwa amepoteza kazi. Mwingine alikuwa anamjua mtu aliyekula mshumaa kwa bahati mbaya, na Msusi akacheka mpaka akakaa chini, bila kuwaza hata kidogo kwamba kicheko hicho kingefaa kurushwa. Meneja alipita mlangoni mara mbili kumwambia wafuasi wanapungua.

"Waache wapungue," alisema Msusi. "Nishikie hiki kitana."

Siku ya kumi na tisa, saa sita mchana, Fundi Lifti alisimama mlangoni mwa saluni na nguo za kazi, kofia mkononi.

"Hamjambo."

"Hatujambo," alijibu mteja aliyekuwa kitini, kwa sababu Msusi alishindwa.

"Nimekutumia ujumbe," mumewe akasema.

"Lini?"

"Siku kumi na mbili. Kila siku mmoja. Wote tiki moja. Nikajua umenifungia. Dada akasema hapana, amesikia kwa mama yako kwamba umeizima. Nikasema, aizime yeye? Nikaja nione kwa macho."

Alitazama kioo, trei ya vibanio, soketi ambapo chaja ilizoea kuning'inia.

"Iko wapi?"

"Kwa mama. Kabatini."

"Umerekodi kwamba umeacha kurekodi?"

"Sijamwambia mtu."

Fundi aliguna, mguno ambao ungeweza kuwa kicheko kama ungepewa muda.

"Uliandika nini?" aliuliza Msusi.

"Kaiwashe usome."

"Niambie mwenyewe. Si upo hapa?"

Mteja alishika gazeti la zamani, akaanza kulisoma juu chini.

"Wa kwanza ulikuwa matusi," alisema fundi.

"Sawa."

"Wa pili nikaomba radhi kwa matusi. Wa tatu nilikuuliza ufunguo wa stoo uko wapi."

"Juu ya fremu ya mlango."

"Niliupata." Akazungusha kofia mikononi. "Wa saba nilikwambia ukweli. Ile siku jikoni, sikushtuka. Nilipumua. Ulipotamka unaondoka nilisema moyoni, heri, sasa nimeambiwa. Maana ulikuwa umeondoka zamani. Ulikuwa unakula na watu wasiokujua, unacheka nao, unagombana nao. Mimi niko ng'ambo ya meza natazama paji lako la uso."

Vidole vya Msusi vilibaki katikati ya nywele za watu.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Mara mbili. Ukasema, ngoja nimalize hii."

Hilo lilimwingia kuliko yale ya wifi, kwa sababu alilikumbuka. Alikumbuka hata alikuwa anatazama nini: mtu asiyemjua akipanga friji.

"Sina la kujitetea," alisema.

"Sikuja kukuhukumu. Na mimi nina langu. Nilinyamaza nikaita ukimya wangu upole. Na habari za mama nilipaswa kukupa mimi, siyo dada." Kisha akasema haraka, kama anayetupa mzigo: "Wa kumi na mbili ni wa jana. Nina likizo ya siku kumi. Tangu tuoane sijaichukua. Niliuliza kama unaweza kufunga saluni."

"Twende wapi?"

"Sina pa kwenda. Nyumbani tu."

"Ndiyo."

"Hujafikiri."

"Nimefikiri siku kumi na tisa. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya."

"Jamani," alisema mteja kutoka nyuma ya gazeti, "nawaombea heri. Lakini mimi nina nusu kichwa."

Fundi Lifti aliketi kwenye benchi la kusubiri. Alikaa saa mbili na nusu, akimtazama mkewe akisuka. Watu wawili waliingia na kutoka. Hakuna aliyemtambua, kulikuwa na mchezo mpya mtandaoni, wa watu kujimwagia unga kichwani, na dunia ilikuwa inachekea huko.

Likizo haikuwa fungate. Siku ya kwanza hawakuwa na la kusema, wakalala mchana kutwa kama wagonjwa. Siku ya tatu fundi alimsimulia habari za mama yake mwenyewe, tangu sanduku mpaka barua ya msiba, na Msusi akasikiliza mikono ikiwa mapajani. Siku ya nne waligombana juu ya pazia, ugomvi wa sauti, mlango ukagongwa na jirani. Fundi akasema kweli alikuwa anautamani ugomvi kama ule. Siku ya tisa Msusi aligundua kwamba mumewe huimba akioga, akamuuliza ameanza lini.

"Miaka minne," alisema mumewe.

Simu ilitoka kwa mama baadaye. Ikarudi kazini: kupanga miadi, kuonyesha mitindo, na saa kumi na mbili jioni inalala. Uso wa mumewe haukuonekana tena humo. Meneja alinuna miezi miwili, kisha wakarudia kusalimiana kama majirani, pasipo zaidi.

Siku moja mteja mgeni, akingoja dawa ishike, alimgeuzia Msusi simu yake.

"Dada, unawakumbuka hawa? Yule kaka wa kula kwanza? Basi kumbe mke alikwenda kweli kwa yule bwana mwingine. Kaka naye kaoa, kapata daktari. Watoto mapacha."

Msusi alisoma. Yalikuwepo yote, na tarehe ya harusi, na watu elfu nne wakiwatakia mapacha maisha marefu. Vidole vilisogea kuandika kitu. Akavirudisha kwenye nywele.

"Hongera yake," alisema.

Jioni alimsimulia mumewe mezani. Fundi alicheka mpaka akakohoa, akataka kujua huyo daktari ni wa nini. Msusi akasema wa mifugo. Wakaendelea kula. Hawakukanusha, wala hawajawahi kukanusha. Mtandaoni, mpaka leo, wale wawili wameachana.